Mstari wa Mbele katika Damu ya Zadok

Mkuyuni, Mwanza
4 Machi 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kazi nyingi tangu nipunguzwe serikalini nikaingia maabara hii ya mtu binafsi. Magoti yako yanaendeleaje?

Dada Akelo alipomleta mwanawe Zadok na yale maumivu ya miguu, nilimtoa damu mwenyewe nione kama ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tunaweka tone kwenye ukanda uliolowa dawa, tunapitisha umeme, na aina za himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, zinaachana kwa mwendo, kila moja na mstari wake. Ile ya kawaida, A, hutangulia. Ile ya selimundu, S, hubaki nyuma. Umeme ulikatika mara mbili, nikaanza upya.

Zadok ana mistari yote miwili. Mgonjwa wa selimundu hana A. Kwa hiyo mtoto amebeba tu asili ya ugonjwa, haumwi. Maumivu yake yana sababu nyingine. Msihangaike.

Binti yako,
Adoyo

Kinesi
29 Machi 1994

Binti yangu Adoyo,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Barua yako niliisoma mbele ya ukoo. Nilipofika kwenye "sababu nyingine", wakubwa walimgeukia Suzana, mke wa kaka yako Ojwang. Hajazaa, na Zadok akiugua ndiye anayembeba. Wakasema sababu ni yeye, anamroga. Jumapili amerudishwa kwao Usagara. Ojwang hali chakula. Mimi nilikuwepo, nikawaacha.

Mtoto bado analia miguu.

Baba yako,
Otuoma

Mkuyuni
21 Aprili 1994

Baba,

Shikamoo. Poleni wote. Hiyo miguu ilinitia hofu, nikamwandikia mwenzangu wa hospitalini Musoma. Kumbe wiki mbili kabla ya kuletwa kwangu, Zadok aliongezewa damu hapo. Sikumuuliza Akelo, na hilo ni swali la kwanza tulilofundishwa.

Damu ya kuongezewa hukaa mwilini hata miezi mitatu. A niliyoiona si ya Zadok, ni ya aliyemtolea. Jina lake limeandikwa: Suzana.

Zadok ana selimundu. Nimekosea mimi, Baba, na naona aibu kubwa. Mrudisheni kliniki, anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Na hii pia isome mbele ya walewale.

Adoyo wako

Kinesi
15 Mei 1994

Binti yangu,

Marahaba. Nimeisoma mbele yao. Akelo amekiri alijua kuwa Suzana ndiye aliyetoa damu. Alificha kwa kuogopa tutasema mtoto ametiwa damu ya mgumba. Na kweli tungesema.

Zadok anatumia dawa, ametulia kidogo. Mimi na Ojwang tulifunga safari mpaka Usagara kuomba radhi. Suzana alitupikia, akaulizia hali ya mtoto. Nikamsomea barua yako mpaka mwisho.

Akasema, "Baba, nimekaa kwenu miaka sita. Mpaka damu yangu ipimwe ndipo mnijue?"

Tumerudi bila yeye.

Baba yako,
Otuoma