Ukungu Uliochipua kwenye Maji ya Mvua

Tororo, Alhamisi. Mvua haijakatika tangu alfajiri na mwamba mkubwa wa mji wetu hauonekani kabisa. Nimechoka, lakini nina furaha.

Shajara yangu, nikueleze. Maabara yetu inatafuta dawa ya ukungu mweusi unaoozesha njugu shambani. Tunaweka vijimbegu vya ukungu kwenye matone ya maji ya sukari yenye dawa. Dawa nzuri huzuia kimeng'enya kinachoviamsha, basi havichipui. Tone moja huwa halina dawa. Humo lazima vichipue, la sivyo jaribio zima ni bure.

Jana asubuhi nilichungulia kwenye hadubini nikapiga kigelegele. Dawa mpya imevilaza vyote! Nikamkumbuka Mama kule Petta. Njugu zake za msimu uliopita zilioza, na sasa anangoja neno langu ndipo apake mbegu dawa na kupanda.

Wandera, mwenzangu wa Busia, akatazama tone lisilo na dawa.

"Dada Akello, hata hii ya maji tu imelala. Maji wewe nachemsha na nini?"

"Na birika yangu mpya."

Birika la shaba! Nililinunua sokoni Busia tupate chai ya heshima, na mtambo wa maji safi wa maabara ulipoharibika nikajitia fundi, nikachemshia humo maji ya jaribio. Shaba huua ukungu. Si ndiyo maana watu wa kahawa hunyunyizia ile dawa ya bluu yenye shaba?

Nilitamani kunyamaza. Daktari, mkubwa wetu, alikuwa anataka jibu, na dawa ilibaki kidogo mno ndani ya chupa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, nikakiri kosa langu.

Wandera hakunicheka. Alitoka mvuani bila koti, akakinga maji kwa bilauri.

"Tunarudia. Mama yako napanda kwa hii jibu."

Usiku kucha niliomba ukungu uchipue. Mimi, binti wa mkulima!

Leo asubuhi, kwenye maji ya mvua matupu, kila kijimbegu kimetoa kamzizi. Kwenye dawa, vimelala fofofo.

Nililia.

Jumamosi nakwenda Petta kumwambia Mama apande. Birika nimempa Wandera, wakanywee chai na mkewe.

Mungu wangu, asante kwa mtu huyu. Asante pia kwa ukungu. Yupo mwingine aliyewahi kukushukuru kwa hilo?