Mshahara wa Kukaa Tayari

Nyumba ya wachezaji, chumba cha juu
Jumapili, saa nne asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba salamu hizi zikukute umekaa, ingawa nakujua, huenda umeifungua barua hii kwenye korido ya wodi huku umeegemea kigari cha dawa. Kama ndivyo, tafadhali ikunje uitie mfukoni, uisome ukifika nyumbani. Miguu yako inahitaji kiti, na mimi nahitaji subira yako. Shemeji hajambo? Na mpwa wangu je, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma.

Miezi minane bila kuisikia sauti yako ni mingi. Simu nimeishika mara nyingi nikaishia kuitazama. Kwenye simu najijua: nitatia utani, wewe utacheka bila kupenda, kisha tutaagana tukiwa hatujasema kitu. Kwenye karatasi huwezi kunichekea mapema, ndiyo maana nimeandika.

Najua unakumbuka siku ya maziko ya baba, mimi na wewe tukiwa jikoni. Ulikuwa umeshika sufuria na kitambaa. Uliniambia kwamba kwa miezi saba umemgeuza baba kitandani kila baada ya saa mbili, umemwogesha, umemlisha kwa kijiko, halafu ukaenda kazini kuwageuza baba za watu wengine, na mshahara wako wa mwaka mzima haufikii wangu wa mwezi mmoja. Ukaniuliza mcheza mpira analipwa kwa kipi hasa. Nami kwa kiburi changu nikajibu kwamba hakuna mtu anayekata tiketi kumtazama muuguzi akimgeuza mgonjwa, na kwamba kile kitanda chenyewe na dawa zilizokuwa juu ya meza vilitoka kwenye huo huo mpira. Uliendelea kuifuta sufuria iliyokwisha kukauka. Nikaondoka hata chai sikunywa, na hasira zangu nikazibeba kama mtu aliyeshinda.

Swali lako, dada, halikubaki jikoni. Limepanda basi na mimi. Ilifika mahali nikawa nawauliza watu. Dereva wa basi la timu alisema wachezaji wanastahili kila wanachopata, kwa sababu uwanja unajaa kwa ajili yao, na siku watu watakapojaa kumtazama yeye akirudisha basi nyuma, ataomba nyongeza asubuhi yake. Tukacheka. Nikamwuliza mama anayetufulia nguo za mechi, sisi tunamwita Mama Jezi. Yeye hakucheka. Alisema duniani hapa anayesafisha hulipwa pungufu ya anayechafua, na hajapata kujua ni nani aliyepanga hivyo. Kisha akaniambia nimsogezee kapu.

Yuko pia kipa wetu wa kwanza, Mnara. Huyo ukiniuliza nitakuambia anastahili, tena wangemwongezea. Vidole vyake viwili havikunjiki, shati lake anafungiwa vifungo na mkewe. Ngazi anazishuka kiubavu kama mzee, na bado hajafika miaka thelathini na tano. Mwaka jana alikosea mara moja tu, na uwanja mzima ukaimba matusi ya mama yake, mama mwenyewe akiwa jukwaani amekaa na mkoba wake mapajani. Miaka miwili ijayo atakuwa amekwisha, na hakuna ofisi itakayotaka vidole vile. Mnara akilipwa, simwonei kijicho.

Sasa nije kwangu. Wewe na baba niliwaambia kwamba mimi na Mnara tunapokezana, leo yeye, kesho mimi. Hatupokezani, dada. Hatujawahi kupokezana. Misimu sita nimevaa glovu, nimepasha misuli moto, kisha nimekwenda kukaa kwenye benchi. Nimecheza dakika kumi na nane tu, siku Mnara alipopigwa teke la kichwa. Katika dakika hizo mpira ulinifikia mara nne, na mara zote nne ulikuwa umeshatoka nje. Wenzangu wananiita Bima, kwa sababu unailipia kila mwezi na unaomba Mungu usije ukaihitaji. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nimechumia kivulini, maana benchi letu lina paa zuri.

Bahati yangu, niliiona bahati wakati ule, mechi zetu hazionyeshwi huko kwenu, na wewe kona na penalti kwako ni kitu kimoja. Baba macho yalikuwa yameshapofuka kwa ule ugonjwa wa sukari. Kila Jumapili alinipigia akaniuliza kama nimedaka. Mara ya kwanza niliogopa kumvunja moyo, nikasema nimedaka. Ya pili ikawa rahisi. Mwishowe nikawa namsimulia krosi na mashuti, naye anatoa sauti ya kushtuka kana kwamba yuko nyuma ya goli. Zilikuwa dakika zetu nzuri kuliko zote, na zote zilikuwa uongo.

Halafu baba akaomba jezi. Unakumbuka alivyosisitiza, hakutaka mpya, alitaka niliyoivaa nikacheza, tena isifuliwe. Dada, jezi zetu baada ya mechi hutupwa zote kwenye kapu moja, na yangu kila wiki hutoka humo kama ilivyoingia. Mama Jezi aliwahi kuniambia kwa upole kwamba yangu huwa anaipiga pasi tu, sabuni ni ghali. Basi nilisubiri. Watu walipokwisha kuondoka na wenye mipira ya maji wamemaliza kumwagilia, nilirudi uwanjani peke yangu, nikaenda golini palipochimbika, nikapiga magoti. Niliigaragaza jezi ile kwenye udongo. Nilifikiria hata ni upande gani kipa huangukia, nikapaka zaidi kiwiko na mbavu za kulia. Nilipoinua kichwa, Mama Jezi alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake. Alinipa mfuko wa kuitia.

Wewe ndiye uliyenisimulia baba alivyoipokea. Alivyoipapasa kwa vidole, akaupata udongo uliokauka, akakuambia hapa mwanangu aliruka, na hapa aliangukia ubavu. Ulitaka kuifua kwa sababu ya vumbi kitandani, akakukatalia kwa ukali ambao hajawahi kukuonyesha, akasema hilo ni jasho la mwanawe. Nilikusikiliza kwenye simu nikatamani ardhi ipasuke.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu iliniacha nifike mbali, mpaka Alhamisi ile. Ulinipigia ukaniambia baba ananiita jina langu na niende upesi. Nikakujibu kwamba Jumamosi nipo golini na kocha hawezi kuniachia. Dada, kaa sawasawa kama bado umesimama. Kocha aliniachia. Alisikia nikizungumza nawe, akaniambia nichukue gari asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu yupo kipa wa tatu na baba ni mmoja. Ni mimi niliyekataa kwenda. Mkataba ulikuwa karibu kuzungumzwa, na niliogopa wataona timu inakwenda vizuri bila mimi. Zaidi ya hapo, niliogopa kukaa karibu na baba akanishika mikono. Mikono ya kipa anayecheza ina sugu na makovu. Yangu ni laini kama ya karani. Angejua.

Jumamosi saa kumi na nusu baba alipokata roho, wewe ukiwa umempakata, mimi nilikuwa nimekaa chini ya lile paa na glovu mkononi, natazama mechi iliyokwisha kuamuliwa. Tulikuwa tunaongoza mabao matatu kwa sifuri.

Jibu la swali lako ndilo hilo, na limenichukua miezi minane kulitamka. Juu ya wachezaji wengine sitabishana nawe, kila mtu ana mzani wake. Mimi nililipwa nikae tayari mahali nisipohitajika, na nilipohitajika nikakaa papo hapo. Wewe ulikuwa tayari kila baada ya saa mbili. Hukulipwa, na mimi nikakutupia tiketi usoni. Nisamehe, dada yangu. Sina neno kubwa zaidi ya hilo, ningekuwa nalo ningelileta.

Wiki iliyopita waliniita ofisini wakaniwekea mkataba mpya, miaka miwili, na nyongeza. Nilimwuliza meneja nyongeza ni ya nini. Akacheka, akasema ni ya kuendelea kuwa tayari. Nikairudisha kalamu juu ya meza. Mwisho wa mwezi naondoka. Ipo timu ndogo, kutoka kwako ni mwendo wa basi moja, kipa wao amevunjika mkono na wanataka mtu wa kucheza kila wiki kwenye uwanja usio na paa hata la mashabiki. Watanilipa pungufu ya wewe. Jiandae, sasa ni zamu yako kunipa nauli.

Msalimie sana shemeji. Mpwa wangu mwambie mjomba anakuja, na afanye mazoezi ya kupiga penalti, kwa kuwa nitahitaji mtu wa kunipigia.

Nimebakiza ombi moja. Najua jezi ile bado umeihifadhi bila kuifua, kwa heshima ya baba. Usiifue, dada. Umeshafua ya kutosha katika nyumba hii. Nakuja kuifua mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Na ukiona moyo wako bado haujaweza kunikaribisha ndani, niwekee beseni na sabuni hapo nje mlangoni, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Bima