Mistari Michache Niliyoifuta kwenye Kiini

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, na barabara ya kwenda Sake imekuwa uji mweusi. Nimerudi kutoka Lac Vert na viatu vizito. Moyo nao ni mzito, na leo sina nguvu ya kuandika kwa madoido.

Wanaopita hapa kusoma wanajua kazi yangu. Natunza kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha vifaa vyote, kwenye kompyuta ndogo zinazolinda friji za chanjo katika vituo vya afya. Friji ikianza kupata joto, kompyuta inapiga king'ora na kumpelekea muuguzi ujumbe. Haina kazi nyingine.

Sasa, kiini kinapoamka lazima kiambiwe kimefungiwa vifaa gani. Mashine mpya zinajieleza zenyewe: zinatoka kiwandani na majedwali ya vifaa vyao, yanayoitwa ACPI, kiini kinasoma na kuendelea. Za zamani hazina majedwali hayo. Kwa hizo, mtu anakaa chini na kuandika faili tunaloliita mti wa vifaa: kipimajoto kiko hapa, king'ora kiko pale. Miti yetu yote iliandikwa na Muzee Bahati, aliyenifundisha kazi hii kabla hajafa. Aliiandika kwa mkono kwanza, lenzi jichoni, akinung'unika. Alitaka tubebe njia zote mbili hadi mashine ya mwisho ya zamani izimwe.

Mimi nilichoka kuzibeba.

Katika programu inayojua kusoma kipimajoto kulikuwa na mistari michache ya kuitambulisha kwa mashine zenye mti. Nilipoingiza njia ya majedwali, niliifuta ile ya mti ili kazi ipendeze macho. Kwenye meza yangu hapa Ndosho nilikuwa na mashine mpya tu, na zote zilikubali. Orodha ya mashine zetu ilisema za zamani zimekwisha. Sikumuuliza mtu. Muzee angepanda moto, yaani pikipiki, akaenda kuangalia kwa macho yake.

Moja ilikuwa imebaki, katika kituo cha Lac Vert. Ikapokea mabadiliko yangu kwa mtandao, ikaamka vizuri, taa yake ya kijani ikawaka. Kiini kilisoma mti kama kawaida, kikakuta kipimajoto kimetajwa, lakini hakukuwa tena na programu ya kukipokea. Basi kikakiacha na kuendelea na mambo mengine. Hakikulalamika hata kidogo.

Jumamosi mota ya friji ikafa. King'ora kikanyamaza.

Jumatatu Mama Noëlla, muuguzi wa pale, alifungua friji akakuta chupa zina joto. Akina mama walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi na watoto mgongoni, wengine wameteremka kutoka milima ya Masisi kwa miguu. Akawarudisha wote, kisha akazitupa chanjo.

Lawama zikamwangukia yeye. Jumapili hakupita kuangalia friji, alikwenda kusali, akiamini mashine iko macho. Akaambiwa akae nyumbani angojee barua ya kufukuzwa. Na mimi Jumatatu hiyohiyo, kabla ya jioni, nilikuwa nimeshajua. Nilisoma kumbukumbu za ile mashine na nikaona kosa ni langu.

Nikanyamaza siku mbili.

Niliogopa, sina neno lingine. Jana mkuu wetu alinipigia akasema muuguzi amezembea, nami nikajibu, "Pole sana." Hiyo pole inanichoma kuliko kosa lenyewe.

Leo asubuhi nilirudisha mistari ile, programu ikatambua njia zote mbili, nikaijaribu kwenye mashine ya zamani niliyoitoa katika katoni za marehemu Muzee. Haikuchukua hata nusu saa. Nikaandika ripoti yenye jina langu, nikampelekea mkuu. Alijibu kwa kifupi: Mama Noëlla arudi kazini, mimi nitaitwa. Kisha nikachukua moto kabla ujasiri haujaniisha.

Nilimkuta kwenye baraza lake akichagua maharagwe. Nilimweleza yote bila kuzunguka, nikamaliza kwa kusema, "Mama, ile kosa ni yangu. Haikuwa yako hata kidogo."

Nilitamani anitukane, ningepumua. Aliweka sahani ya maharagwe chini, akaniangalia.

"Jana ku sala ya mangaribi nilisimama mbele ya bantu bote," akasema. "Nikaomba Mungu musamaha juu ya bale batoto. Nililia, Solange. Sasa ile sala, nitairudisha namna gani?"



Jumapili nitakwenda kanisani kwake. Nitaomba nafasi ya kusimama mbele ya watu walewale, niseme kosa lilikuwa langu.