Boti ya Watu Kumi na Wanne, au ya Sita?

Mpendwa Shangazi Marlys wa safu ya ushauri gazetini,

Naomba msaada na tafadhali usinicheke, maana najua mzee wa miaka sabini na mbili kukosa raha kwa sababu ya boti ni kichekesho, lakini mimi na mke wangu Ardis tumekaa viangazi viwili bila boti tangu sakafu ya ile yetu ya zamani ioze, ile bapa ya kuelea juu ya maboya mawili marefu ya alumini, tuliyokuwa nayo miaka thelathini na moja, na sasa kuna mbili za mtumba zinauzwa huku kwetu Minnesota, kubwa ya watu kumi na wanne na ndogo ya watu sita, na muuzaji anataka jibu Jumamosi.

Shangazi, ile ya zamani ndiyo iliyokuwa sebule yetu. Kila Jumapili tukishakula tulijazana humo, watoto wetu watatu, majirani, akiwemo Orville na kinanda chake cha kodiani, tukazunguka ziwa polepole tukisengenya nyumba za watu, nani kaezeka upya, nani kaacha nyasi ziote mpaka mlangoni, watoto wakijirusha majini na kupanda tena wakichuruzika maji mapajani kwa mama yao, naye akipiga kelele, "Ondokeni, mtanilowesha!" huku akiwakumbatia, na hata leo nikikaanga samaki nasikia sauti ile na moyo unaniuma. Orville alishafariki. Watoto wako mbali, huja siku tatu za Julai.

Binti yangu Karin kanijibu kwenye simu, "Baba, msijibane bwana, tukija tutakaa wapi?" Muuzaji naye, "Mzee, beba kubwa, upakie ukoo mzima!" Ardis nikimuuliza anasema tu, "Yoyote utakayoipenda, mzee wangu." Tulipokwenda kuziona, kwenye kubwa alisimama na mkoba begani akasema ni nzuri, kwenye ndogo akaketi kando ya usukani, akavua viatu, akauliza kama injini ina kelele. Hakusema anataka ipi. Kubwa kuifunga gatini inataka watu wawili wenye magoti mazima, na magoti ya Ardis siku hizi ni ya kubembeleza, lakini nikinunua ndogo naona kama nawaambia watoto wasije tena. Nifanye nini?

Wendell, Ziwa Halvor

Wendell, kaka yangu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimelia, maana mimi nami niling'ang'ania meza ya watu kumi na wawili miaka tisa mizima baada ya nyumba kubaki na mimi peke yangu. Kila Ijumaa nilikuwa naifuta vumbi, na viti vyote.

Sasa nikugombeze. Mwanamke kavua viatu, Wendell! Huku kwetu nani husema "nataka"? Kahawa yenyewe mtu anaikataa mara mbili ndipo anapokea kikombe. Umeishi na Ardis miaka yote hiyo na bado unangoja atamke? Aliyesimama na mkoba begani anangoja kuondoka. Alikujibu palepale, wewe ukawa unahesabu viti.

Na Karin asikuchagulie boti ya kupanda siku tatu kwa mwaka. Wakija, wapande kwa zamu. Wajukuu wakisubiri zamu yao gatini watasukumana na kupiga kelele, na kelele ndizo unazozililia. Hakuna mtoto anayekuja kumwona baba yake kwa sababu ya viti.

Jumamosi nenda na Ardis, na usimuulize kitu. Nunua ndogo. Funga chuma cha kushikia pale anapokanyaga kuingia, asiogope. Jumapili zungukeni ziwa, mseme nyumba za watu mpaka mchoke, na ukimkumbuka Orville, lia, hakuna ubaya. Viangazi viwili mmelitazama ziwa kutoka dirishani, kaka, na bado mko wawili. Cha tatu hakuna aliyekuahidi.