Saa Tatu Ambazo Hawakuziongeza

Dada Yudith,

Jana nilikuwa kwako Haneti. Watoto wako wazima. Mtama wa nyuma ya nyumba umekauka, sitakudanganya. Ndoo yako ya bluu shemeji ameiacha pale pale mlangoni, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Maji sasa yanafuata saa. Ujumbe wa simu ukisema saa kumi na mbili asubuhi, bomba linafunguliwa saa kumi na mbili. Watu wa mamlaka ya maji walirekebisha kimyakimya wiki ile ile tuliyokuzika, kisha wakaandika kwenye taarifa yao kwamba umekufa kwa ajali ya barabarani. Ajali! Lori lilikugonga gizani ukienda bombani, kweli. Lakini nani alikutoa kitandani saa tisa usiku?

Ujumbe wao. Wa kwanza kabisa, wa mfumo wao mpya. Ulizoea kunicheka, "Wewe mdogo wangu unagombana hata na redio." Laiti siku ile ungegombana na simu.

Aliyeandika programu alikuja msibani, binti mmoja kutoka mjini. Akapiga magoti. "Shikamoo kaka. Kosa ni langu." Akanieleza: kompyuta yao inatunza saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ilipasa aziongeze kwanza hizo tatu, ndipo aondoe sita, ipatikane saa tunayoisoma sisi. Aliondoa sita tu, ujumbe ukasema saa tisa badala ya saa kumi na mbili.

Nilitaka kumfukuza. Nikashindwa, Dada. Alilia kuliko sisi.

Sasa wakubwa wake wanataka kumbebesha mzigo wote peke yake. Sikubali! Ofisi nzima ile, hakuna hata mmoja aliyejitumia ujumbe wa majaribio. Wa nini? Kwao maji yanatoka ukutani. Mkuu wao akanitazama usoni: "Marehemu naye angejiuliza." Ajiulize nini? Miaka yote ya mgawo mmewafungulia watu maji usiku wa manane, leo mnashangaa kwamba aliamka?

Nilimjibu maneno ambayo usingependa niyaandike hapa.

Shemeji anataka sentensi moja tu kutoka kwao: ujumbe wetu ndio uliomtoa nyumbani. Moja. Hawajaitamka.

Pumzika, Dada. Kila mkutano watakaoitisha nitakuwa mstari wa mbele, wanitoe kwa nguvu wakipenda, mpaka waiseme mbele ya wanao. Mengine yote yamenishinda. Hili halitanishinda.

Mdogo wako.