Nauli ya Mbuzi Mweusi

Nyarugusu, Geita
Alhamisi, saa ya chakula cha mchana

Mama yangu mpendwa,

Kabla hata ya shikamoo, ujue kwamba barua hii inatoka kwa kijana ambaye hajazaliwa mwingine kama yeye kuanzia Mwakitolyo mpaka ziwani. Kuna watu wana magari yao na safari bado zinawashinda. Mimi nimesafiri kutoka kwetu hadi huku bila kulipa nauli hata shilingi moja, na nimefika nimenenepa. Siku chuo kikuu wakianza kufundisha somo la kubana matumizi, watanifuata mimi niwe mwalimu, na hicho kidato cha pili nilichokitoroka watajifanya hawakioni.

Sasa shikamoo, Mayu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na ule mguu unaouma mvua ikikaribia, bado unatabiri kuliko redio? Nakuombea uwe mzima kabisa, na utaona huko chini kwa nini mwaka huu nakuombea kuliko miaka yote. Mimi sijambo, nakula, nalala, sijapata hata mafua.

Na wewe Limi, mdogo wangu unayemsomea Mama, marahaba, hata kama hujaniamkia. Soma polepole, usijifanye mtangazaji, na usiruke mstari. Nikija nitamuuliza Mama kila nilichoandika.

Mtasema simu ipo, barua ya nini. Mama, simu yako tangu itumbukie kwenye ndoo haisikiki mpaka uweke spika, na ukiweka spika hata wanaochota maji kisimani wanasimama kusikiliza. Haya mengine si ya kisimani. Na hela ningezituma kwa simu wangekata ya kutuma na ya kutolea, na mimi kukatwa hela ovyo sikuzaliwa nako. Kwa hiyo nimempa Dada Kudra, yule muuza vitenge, anayekuja huko kesho. Yeye hakati kitu, anaongea sana tu.

Ndani ya bahasha mna elfu sitini. Hesabu mwenyewe, Mama, Limi ana vidole virefu. Ni zile sitini ulizopewa na Mwita wa buchani kwa yule mbuzi wetu mweusi mwenye mimba, ukazifunga kwenye pindo la kitenge, ukanipa ziwe nauli na chakula mpaka nipate mshahara. Nakumbuka Mwita alivyosema mbele ya watu. Alisema mbuzi mwenye mimba hachinji, atampeleka mnadani Jumamosi ya wiki hii, na kwamba hela ikirudi kabla ya hapo atamfungua kamba bila kuongeza hata mia. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema hela ikiingia mkononi mwa Magesa hairudi, labda arudi Magesa mwenyewe, naye akiwa amekonda. Wewe uligeuka ukajifanya unatafuta ndoo, na ndoo ulikuwa umeishika.

Pale pale niliapa kimoyomoyo kwamba yule mbuzi hazalii kwa watu. Kwa hiyo Limi akimaliza kusoma, nendeni kwa Mwita kabla jua halijazama. Akileta maneno, mwambie Magesa amesema.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa nilipoachana nanyi sikwenda stendi. Nilikwenda wanapopakia marudio, ule mchanga uliokwisha oshwa dhahabu ambao matajiri wanaununua wakauoshe tena kwa dawa. Palikuwa na lori la Kahama, dereva anaitwa Valerian, mtu wa kitambi na roho nzuri. Alitaka elfu saba. Nikamwambia elfu saba ni ya mtu anayekaa kwenye kiti, mimi nakaa juu ya mzigo, na viroba havilipi nauli. Akasema viroba vyake havina mdomo kama wangu. Tukakubaliana nitalipa kwa kushusha mzigo. Nilishusha zaidi ya nusu ya lori peke yangu, Mama. Mkikutana na Valerian atawaambia viroba kumi na tano. Msimsikilize, ana wivu.

Shida ilikuwa vumbi. Marudio ni kama unga. Nilishuka Nyasubi, pale Kahama, nimekuwa mweupe nywele, kope, mpaka ndani ya masikio. Mlinzi wa pale tuliposhushia alikuwa Msukuma mwenzetu. Tulipoamkiana tu kwa lugha ya nyumbani akanitandikia viroba vitupu, nikalala bure. Asubuhi akanionyesha wanapouza maji ya kuoga, ndoo mia tano. Mia tano, Mama, kwa maji ambayo hata hunywi! Nikaona uchafu hauna haraka, nikajifuta na mkono. Uikumbuke hiyo mia tano, tutakutana nayo.

Kwa mama wa chai nikaagiza kikombe kimoja, nikatoa michembe yako, vile viazi vitamu ulivyonikaushia, kwenye mfuko, nikawa nachovya. Akaniangalia sana, akasema tangu aanze biashara hajamwona mteja anayekuja hotelini na chakula chake. Nikamwambia nimekuja kumtambulisha kwa chakula kizuri, akionja ataacha kupika maandazi. Alionja. Kisha akaomba mingine, nikamnyima.

Pale jirani palikuwa na Kosta imeegeshwa, imejaa wanakwaya wa sare za zambarau, wanakwenda Nyarugusu hii hii kuimba kwenye uzinduzi wa kanisa. Gari la kukodi, abiria hawachukui. Lakini mwimbaji wao mmoja wa besi alikuwa amebaki kwao anaumwa, kiti chake kiko wazi, na besi yangu unaijua, nikikohoa tu mbuzi wanasimama. Basi wakanichukua. Nilikaa mbele kabisa, karibu na mwenyekiti wao, Mama Loveness. Nikapewa mayai mawili ya kuchemsha na soda. Mzee mmoja akanifuta vumbi begani kwa kitambaa chake mwenyewe, akanivalisha koti lake. Kila tulipopita kwenye mashimo Mama Loveness alinishika mkono nisirushwe. Utauliza kwa nini mtu wa kuokotwa njiani aenziwe hivyo. Sauti, Mama. Sauti na sura.

Mjomba Pantaleo nilimkuta mzima, anakusalimu sana. Jumatatu alfajiri akanipeleka kwenye karakana ya kuchomelea, wanapotengeneza makarasha ya kusagia mawe. Nafasi ilikuwa moja na tulikuwa wawili. Fundi akasema asiye na buti asiguse kitu. Mwenzangu alikuwa na kandambili. Mimi nilikuwa nimenunua buti Jumapili kwa elfu ishirini, baada ya kubishana na muuzaji mpaka akaniuliza kama nataka anilipe mimi. Nafasi nikapata. Leo siku ya nne, na fundi ameniambia mkono wangu umetulia. Niliona machoni anaogopa nitamnyang'anya karakana.

Limi, najua hapo umeshatoa vidole. Sitini, toa ishirini ya buti, toa elfu mbili na mia tano ya chai, sabuni na vocha, inabaki thelathini na saba na nusu. Sasa sitini kwenye bahasha imetoka wapi? Ndiyo maana nilisema usihesabu.

Mama, kuanzia hapa ningependa Limi atoke nje, lakini akitoka nani atasoma? Basi abaki, ila afunge mlango na ashushe sauti.

Besi yangu hawakuisikia kabla ya kunichukua. Dereva alinifukuza mara mbili. Nilipokuwa nimesimama pale na kimfuko changu, mweupe kichwani kama mtu aliyegaragara chini, Mama Loveness akashuka. Akaniangalia nywele, akaniangalia miguu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimefiwa. Ningekuwa nimenunua ile ndoo ya maji ya mia tano asingeniuliza. Mama, naapa, sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu. Akaniuliza ni nani. Hapo ningeweza kusema babu wa mtu fulani, au jirani. Lakini mdomo wangu unaujua, ukianza haungoji kichwa. Nikasema ni mama. Nikasema tumekuzika jana, na nakwenda kumpa taarifa mjomba kwa sababu simu yake haipatikani.

Wale watu wote wakashuka kwenye gari. Kina mama wakanikumbatia na sare zao safi, wakawa weupe na wao. Njiani wakapitisha kofia, kila mtu akaweka. Hawakuwa matajiri, Mama, nilimwona mmoja anafungua pochi mara mbili. Ilitoka elfu ishirini na tatu. Mia tano nimenunulia karatasi na bahasha hii. Nyingine zimo humu, zimechanganyika na za mbuzi. Kwa hiyo sehemu ya hela unayomkombolea mbuzi ni rambirambi yako mwenyewe.

Nilipofika nikakupigia ili nikusikie tu. Hupatikani. Jumapili nikapiga asubuhi, mchana, jioni, hupatikani. Najua sasa kwamba chaji ilikwisha na sola ya jirani iliharibika, lakini siku ile sikujua. Niliwaza kwamba mdomo wangu umekuua kweli. Zile buti nilizinunua siku hiyo hiyo, na kule kubishana bei nilikuwa nabishana ili nisilie. Jumatatu mchana ukapokea, na kabla sijakuamkia ukaanza kunigombeza kwamba niliondoka bila kurudisha jembe la watu. Nikacheka, ukakasirika, ukaniuliza nacheka nini, nimerukwa na akili? Sikuwa nacheka tu, Mayu. Nilikaa chini karibu na mtungi wa gesi, fundi akadhani nimeungua. Tangu siku hiyo sijasikia wimbo mzuri kama wewe unavyotukana kwa ajili ya jembe. Wabheja, asante.

Sasa liko hili. Mama Loveness aliniuliza jina lako na mahali tunapokaa, nami nikataja vyote vya kweli. Amesema Jumapili hii baada ya ibada kwaya nzima itakuja Mwakitolyo kutoa pole, na wataulizia msiba wa Asteria, mama yake Magesa. Wakikukuta unapepeta mahindi usiwakimbie, na usiwaache wakukimbie. Wape maji. Mimi nitakuwa nimeshafika. Mjomba nimemweleza yote. Alicheka mpaka akakaa, kisha akasimama akanizaba kofi moja la maana, kisha akanikopesha nauli. Natoka Jumamosi baada ya kazi, nalala Kahama, asubuhi niko kwenu. Tiketi ninayo mfukoni, nauli kamili, kiti cha dirishani, na nimeoga. Nitasimama mbele yao mwenyewe niseme. Hela zao nitazilipa kwa mshahara wangu, wewe mkomboe mbuzi bila wasiwasi, deni hilo si lako.

Msalimie Bibi, wasalimie wa kisimani wote, na Mwita akimfungua mbuzi msalimie pia. Jembe nitalirudisha mwenyewe. Limi, asante kwa kusoma, nakuletea kalamu mbili.

Kwenda na lori haikuwa kosa, na hela zitarudi. Lililoharibika kweli ni moja, nami sijamwambia hata Mjomba. Kwenye Kosta, tulipokaribia Bukoli, Mama Loveness aliwaomba wote wafumbe macho. Akaomba vizuri sana, mpaka dereva akapunguza mwendo. Mwisho akasema, marehemu mama yetu Asteria apumzike kwa amani. Mimi mwanao, niliyekula michembe yako asubuhi ile ile, nikaitikia amina. Tena kwa besi.

Nisamehe, Mama.

Mwanao,
Magesa