Kuku Asiinuke

Ijumaa, 3 Desemba 1982

Tena chini ya gari tangu asubuhi. Jani la nne la springi limeingia. Kidole gumba kimebanwa, kucha imekuwa nyeusi. Jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, imefunga, pamba imekwisha, marobota ya kupakia hakuna. Muda ninao.

Landrova hii waliiacha wapima miamba kule Bugarama nilipokuwa kibarua wao. Mti ulikuwa umeota kwenye injini. Nikaiomba, wakacheka, wakasema chukua. Miaka miwili naitengeneza hapa uani. Injini sasa inawaka. Nyuma ndiko kubovu. Springi zimelala, gari linainama kushoto kama mzee mwenye jipu.

Bibi yake Kabula aliliona mwezi uliopita. Akasema gari linalochechemea mjukuu wake hapandi. Kabula ni mwanangu, ana miaka saba. Tangu mama yake afariki anakaa kwa bibi, Kishapu. Januari anaanza darasa la kwanza. Namtaka asome hapa Shinyanga, akae na mimi. Basi.

Nyuma ya jineri kuna lori bovu. Msimamizi kaniruhusu kufungua majani ya springi zake. Idi, jirani yangu, fundi baiskeli, kasimama kichwani kwangu siku nzima. Kila nikiuliza kama yanatosha anasema ongeza moja.

Jumamosi, 4 Desemba

Nimemaliza. Majani kumi na moja kila upande. Nikaruka nyuma ya gari kwa miguu miwili. Halikutikisika. Idi naye akaruka. Halikutikisika.

Nyuma imepanda juu sana. Taa za mbele zinatazama chini kama zimedondosha kitu.

Idi anasema sasa hili linabeba hata tembo. Nimefurahi. Tembo hatumchukui, lakini nimefurahi.

Jumapili, 5 Desemba

Sijaenda Kishapu. Jumapili saa nane mchana magari yanasimama, amri ya kubana mafuta. Sitaki kukwama njiani na mkwe.

Nimeosha gari. Nimefua shati. Nimekaa.

Jumatatu, 6 Desemba

Aibu kubwa leo.

Wakati wa kwenda, peke yangu, tayari lilikuwa linarukaruka. Kila shimo nagonga kichwa juu. Kofia ilitoka dirishani, sikuirudia. Nikajisemea likipata watu litatulia.

Nimefika saa nne. Nikasimama mbali, nyumba nimeipa mgongo. Ndiyo desturi. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawashikani mikono, hawali pamoja. Jina lake silitaji. Hata humu siliandiki. Nikasema mwangaluka mayu, habari za asubuhi mama, nikiuambia uzio. Akaitikia kutoka jikoni. Halafu akazungumza na kuku. Siku zote akitaka kuniambia kitu anamwambia kuku.

"Wewe kuku, mwambie mwenye gari nakwenda naye. Nataka kuona mtoto atalala wapi."

Kuku hakusema kitu. Mimi nikamwambia kuku sawa.

Nikatundika shuka katikati ya gari. Yeye na Kabula nyuma, mimi mbele. Tukaondoka vizuri. Kufika kwenye kijito kikavu, kama nusu saa kwa miguu kutoka kwake. Sikwenda kasi, naapa. Nyuma ikapaa. Mama mkwe akaja na shuka na kila kitu, akatua mabegani kwangu. Kanga yake usoni. Mikono yake shingoni. Nimeendesha kipofu mpaka tukasimama katikati ya shamba la mtu, pamba ndiyo kwanza imeota.

Kabula alicheka mpaka akakosa pumzi. Halafu akapanda juu ya siti akawapigia kelele waliokuwa wanapalilia.

"Baba kambeba bibi! Njooni muone, baba kambeba bibi!"

Wakaja. Wakaona.

Mama mkwe alishuka bila neno. Hata angetaka kusema, kuku hakuwepo. Akamshika mtoto mkono, wakarudi kwa miguu.

Nimerudi mwenyewe. Nimerukaruka njia nzima.

Jumanne, 7 Desemba

Shingo haigeuki. Idi anauliza imekuwaje. Nimemwambia springi. Kesho mji mzima utajua, kwa hiyo sina haja ya kusema.

Alhamisi, 9 Desemba

Ujumbe ulikuja jana na basi. Wazee wa kule wamekaa, wamesema nipeleke mbuzi wa kuondoa aibu. Nimempeleka leo kwa baiskeli ya Idi, nimemfunga nyuma. Kutwa nzima kwenda na kurudi. Kwa gari mbuzi angefika amekufa.

Mama mkwe hakutoka. Kamtuma Kabula. Mtoto alisimama mbele yangu, mikono nyuma, kama anasoma.

"Baba, bibi anasema unabeba watu kama magunia."

Mimi kazi yangu ni kubeba magunia.

"Halafu anasema hivi. Tarehe kumi na nane kuku wake mwekundu atalalia mayai. Uje kabla hajatotoa. Kapu la kuku liwekwe nyuma. Umpeleke mpaka kwenye kijito kile, umrudishe. Asipoinuka juu ya mayai, mimi niende nawe. Akiinuka, nitaandikishwa shule ya hapa. Mara moja tu."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka kupanda tena. Ile ya juu kwa juu."

Huyu hanisaidii.

Njiani nilifikiri sana. Sikukasirika. Mama Kabula alifia barabara ile ile. Tulikuwa tunamkimbiza hospitali kwenye mkokoteni wa ng'ombe, uchungu umemshika, mtoto wa pili. Kila shimo alipiga kelele. Halafu akanyamaza. Mama yake alikuwa amempakata kichwa. Mimi nilikuwa mbele nawachapa ng'ombe. Yeye na mtoto, wote wawili tukawapoteza.

Mama mkwe anajua anachotaka.

Jumamosi, 11 Desemba

Nimetoa majani matano kila upande. Idi kasikitika kama namvua nguo.

Nikaazima kuku wake nijaribu. Kuku wa Idi halalii mayai. Aliruka nje kabla sijawasha injini. Tumemtafuta saa nzima.

Basi nikamweka Idi mwenyewe nyuma, beseni la maji mapajani. Nikamwambia yeye sasa ni kuku. Tumekwenda mpaka kwenye reli tukarudi. Beseni kavu. Idi chapachapa. Kuku wa kweli asingetukana vile.

Jumatatu, 13 Desemba

Nimetoa mengine. Sasa laini mno. Kwenye shimo la kwanza tumbo la gari liligonga chini, bomba la moshi likabaki barabarani. Idi kauma ulimi. Kimya mpaka jioni. Hiyo ndiyo faida pekee ya leo.

Yakiwa mengi linarusha. Yakiwa machache linagonga. Majani ya lori yametengenezwa kubeba tani saba. Abiria wangu ni kuku.

Nimekaa juu ya jeki nikafikiri. Bugarama waliacha magari mawili. Hili na jingine.

Alhamisi, 16 Desemba

Nimerudi kutoka Bugarama. Nilipanda lori la mahindi, na majani yote ya springi kwenye gunia, ya lori na yale ya zamani ya gari lenyewe. Mgongo umekufa.

Gari la pili lipo. Lakini ni nyumba ya mtu. Anaitwa Maganga, mhunzi, Mrongo wa Geita, watu wa kufua chuma tangu zamani. Anawatengenezea wachimbaji patasi za kuvunjia mwamba, wao wanaziita moko. Siti ya nyuma ndiyo kitanda. Kwenye usukani katundika suruali. Mlango wa mbele anaugonga mtu akitaka kuingia.

Nikamwambia nimekuja kufungua shokapu, vile vyuma virefu vinavyozuia gari lisirukeruke. Akaniuliza kama ningependa mtu aje kwangu afungue nguzo.

"Nyumba yangu italala upande, bwana."

"Haitalala. Shokapu hazibebi gari, zinalituliza tu."

"Mimi nikigeuka kitandani nyumba inatikisika. Ukizitoa itakuwaje?"

Nikafungua gunia. Akaona majani ya lori. Akalishika moja, akaligonga kwa kucha, akalisikiliza. Uso ukabadilika. Chuma kile kinatoa moko za mwaka mzima. Akaniambia shokapu zote nne nichukue, na suruali kama naitaka.

Halafu akatazama majani yangu ya zamani yaliyolala. Akasema, "Hiki chuma kimechoka tu, hakijafa." Akayachoma, akayapinda upya moja moja, akayazimisha kwenye oili chafu. Jua lilizama bado anagonga. Nimempigia mivukuto mpaka mikono ikaota malengelenge.

Kabla ya kuondoka nilimtafutia mawe nikayapanga chini ya nyumba yake. Akalala, akageuka, akasema imekuwa bora kuliko mwanzo.

Jumapili, 19 Desemba

Nafunga. Majani ya zamani sita kila upande, grisi katikati ya kila jani. Shokapu mbili mbele, mbili nyuma. Bushi, vile vimpira vya kwenye viungo, sina. Nimekata ndara zangu za matairi nikatengeneza bushi. Natembea pekupeku.

Idi kaniambia niongeze jani moja la lori, la tahadhari. Nimemwambia yapo Bugarama, aende.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani walinitazama miguu. Wali na maharage kwa mama yake Idi. Wao Waislamu lakini kapika kwa ajili yangu, kasema mjane hapiki sikukuu. Nikamwambia mjane ni mwanamke. Akasema basi mwanamume asiye na mke, kaa ule.

Mchana tumejaribu na beseni. Nusu ya maji imebaki.

Alhamisi, 30 Desemba

Nimelegeza nati, nimekaza nati. Nimepaka grisi tena. Beseni limerudi na maji yote, upungufu kikombe kimoja. Idi kakauka. Amenishika mkono kama nimepata mtoto.

Naogopa. Maji hayana akili. Kuku anayo.

Jumanne, 4 Januari 1983

Leo.

Nimefika saa tatu. Mvua ilinyesha usiku, njia mbaya. Mgongo kwenye nyumba, mwangaluka mayu kwenye uzio. Kuku mwekundu alikuwa kwenye kapu, juu ya mayai kumi, ananitazama kwa jicho moja. Mama mkwe akamleta mwenyewe. Mimi nikatazama mawingu. Shuka nimeitundika na misumari safari hii.

Yeye nyuma na kapu miguuni, Kabula pembeni yake. Nikawasha. Gia ya kwanza tu. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni alitupita, akatusalimia, akapotea mbele. Kwenye kijito maji yalifika katikati ya tairi. Nikaingia kama naingia kanisani. Nyuma ikashuka, ikapanda, ikatulia. Nikageuza gari, nikarudi vile vile. Jasho mpaka kwenye viatu. Viatu vyenyewe ni vya Idi.

Nyuma kimya. Kabula, ambaye hanyamazi, kimya. Nikajua kuku karuka zamani na hakuna anayetaka kuniambia.

Nikasimama uani. Nikazima. Hakuna aliyeshuka.

"Baba," Kabula kanong'ona, "bibi kalala."

Kalala kweli. Nilisikia akikoroma. Hakimu kalala kesini. Tumengoja. Ng'ombe akalia, mama mkwe akaamka, akakohoa kama mtu aliyekuwa macho muda wote.

"Kabula, kuku aliinuka?"

Nikaomba Mungu mtoto adanganye. Mara moja tu katika maisha yake.

"Aliinuka kidogo. Akageuza mayai. Akakaa."

Huyu ni mama yake mtupu. Yule naye hakuweza kudanganya. Nikashika usukani, nikaona Kishapu, shule ya Kishapu, likizo moja moja, mtoto anayenisalimia kama mgeni.

Mama mkwe akamgeukia kuku.

"Wewe kuku. Kugeuza mayai ni kazi yako. Hata nyumbani unageuza. Hujainuka." Akashuka. "Nenda nao. Na kapu lako. Nisije nikasikia umekuwa kitoweo."

Akaenda zake ndani. Mlangoni akasimama. Kuku alikuwa mbali, garini. Akasema na mlango.

"Kwa gari hili, na yeye angelala."

Hakutaja jina. Sikuuliza nani.

Tumerudi watatu, mimi, Kabula na kuku. Kabula kaniomba nipite shimo moja kwa kasi. Nimekataa. Kanuna mpaka Shinyanga.

Jumamosi, 8 Januari

Vifaranga nane. Mayai mawili hayakufunguka. Kabula kawapa majina wote. Mmoja anaitwa Idi, kwa sababu anapiga kelele. Idi kajisikia vizuri.

Jumatatu, 10 Januari

Shule imefunguliwa. Nimeamka mapema, nimeosha gari, nimepanguza siti. Kabula katoka na sare. Kaniambia shule ile pale, anaiona, atakwenda kwa miguu. Nibaki niangalie kuku.

Nimesimama mpaka alipokata kona. Hakugeuka.

Kazi hakuna leo. Nimekaa nyuma ya gari, mahali alipokaa bibi yake. Nikaegemea, nikabonyeza kwa mkono. Linashuka, linapanda, linatulia.

Baadaye kuku mwekundu akapanda na watoto wake wote, wakakaa miguuni kwangu.

Sikuwafukuza.